Siku Niliyomkimbia Masanja Mchana Kweupe

Yule bibi mnayemwona kwenye simu zenu, anakimbia na gagulo, kanga imebaki nyuma kwenye mti wa turubai, mikono juu kama anafukuzwa na nyuki, ni mimi. Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Wajukuu zangu walioko Dar wameiona, mkwe wangu wa Kahama ameiona, hata mng'oa meno kule mjini aliniangalia mara mbili akasema, "Bibi, sura yako si ngeni kwangu," nikamwambia ng'oa jino, sura haikuhusu. Lakini video ile inaonyesha kukimbia tu. Sauti haisikiki vizuri, na namshukuru Mungu, maana neno nililolipigia kelele siku ile lina aibu kuliko gagulo.

Mimi ni Minza, watu wananiita Mama Shija, nimesoma mpaka darasa la nne, nimezaa saba, nimejenga nyumba ya tofali za kuchoma kwa pamba ya mikono yangu, na kanisani kwetu, huku vijijini nje ya Shinyanga, nikisimama kusema hakuna anayesinzia. Nilikuwa najivunia hilo. Endeleeni kusoma.

Jirani yangu Holo ni mjane, hakujaliwa kuzaa, alimlea Masanja, mtoto wa marehemu dada yake, tangu akiwa mchanga. Masanja akakua, akaenda Geita kuchimba dhahabu kama vijana wote wa siku hizi (jembe wanalionea aibu, lakini kuingia shimoni kama panya hawaoni aibu), na mwaka huu, mvua zinaisha, habari ikaja kwamba duara lao, yaani lile shimo walilokuwa wanachimba, limeporomoka. Wenzake wawili wakatolewa wamekufa. Masanja hakuonekana. Watu wakafukua siku tano, wakachoka, wakasimamisha msalaba juu ya kifusi, wakatuletea begi lake na viatu.

Holo hakulia. Hilo watu waliliweka moyoni. Halafu kila siku saa sita, jua la utosi, akawa anatoka na sahani ya ugali na mlenda, kaifunika kwa kawa, anaiweka chini ya minyaa ya ua wake, anaita mara moja tu, "Masanja!", anarudi ndani. Nilimuuliza. Akasema, "Mama Shija, wamenionyesha viatu, hawajanionyesha mtoto. Fungu lake nitalitoa mpaka wanionyeshe." Basi, kwetu mtu akisafiri anawekewa fungu lake, hilo tunalijua wote, ila kumwekea mtu aliyefukiwa na kifusi ni jambo ambalo sikuwahi kuliona, na ile sauti yake ya kuita mara moja, katika kimya cha saa sita ambapo hata kuku wamelala kivulini, ilikuwa inanisimamisha nywele nikiwa jikoni kwangu.

Tena Holo ana macho mekundu. Amepikia samadi kavu na miti ya pamba miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yatakuwaje? Lakini sisi wa huku tunajua macho mekundu ya bibi kizee yameleta nini. Nilikuwa na mtoto mgongoni nilipomwona bibi wa watu kabebwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kafunikwa shuka, na shuka limelowa damu, na kosa lake lilikuwa macho, waliyosema ni ya mchawi. Kwa hiyo minong'ono ilipoanza kwamba Masanja hakufa, kafanywa msukule, Holo amemficha na anamlisha saa sita, nilijua njia ile inaishia wapi.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Siku moja nilikaa kwenye ua wangu nikaikodolea macho sahani ile. Hakuja mbwa, hakuja kuku, hakuja mtoto, upepo wenyewe haukuvuma. Niliinama mara moja tu kufunga kanga. Nikaenda, nikafunua kawa. Sahani ilikuwa tupu, imelowa kama imelambwa, na chini bado ina joto. Nikafunika, nikaondoka bila kugeuka. Usiku nikisali sikulitaja, utadhani Mungu hakuwepo pale.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, akasimama Maganga, baba mkubwa wa Masanja (ni mzee wa kanisa huyo, anakusanya sadaka), akasema arobaini ya kijana itakuwa Alhamisi, na baada ya maombi atakuja mtaalamu kutoka Geita kuangalia nani kamchukua mtoto wetu. Vijana wakaitikia "Amina!" Mwinjilisti wetu akaangalia viatu vyake. Zamani ungelisema hilo ndani ya kanisa ungetengwa, lakini siku hizi vijana wanasikiliza kwenye simu manabii wanaodai kurudisha misukule, na mwinjilisti anaogopa akikemea wataondoka wote na kinanda chao. Holo alikuwa benchi la nyuma, mikono mapajani, hakuinua kichwa.

Nikasimama. Ningekaa tu, leo ningekuwa mtu wa heshima zangu.

Nikasema, "Maganga, wewe umebatizwa au ulioshwa tu? Aliyetoka kaburini kwa nguvu ni mmoja, na hakutolewa na bibi kizee mwenye sahani ya mlenda! Msukule hakuna. Mkristo anayeamini msukule arudishe cheti cha ubatizo. Na nawaambia mbele ya madhabahu hii, Masanja akitokea hata leo, wa kwanza kumkumbatia ni mimi!" Akina mama wakapiga vigelegele. Maganga akasema taratibu, "Tumekusikia, Mama Shija. Alhamisi si mbali." Nikakaa nimejaa kama debe la maji, na Holo kule nyuma ndiyo mara ya kwanza nikamwona anajifuta machozi.

Alhamisi ikafika. Turubai na viti vimekodiwa Kambarage, kule mjini, vimepangwa uani kwa Holo, kwenye meza picha ya Masanja na maua ya plastiki, vijana wa ukoo wamesimama pembeni na fimbo, wengine na mapanga wanasema ni ya kukata kuni (kuni zenyewe zilishakatwa jana). Mtaalamu alikuwa bado njiani. Mwinjilisti anaomba, sisi tumefumba macho, nikasikia kiti kinasogea. Nikafumbua jicho moja. Ni Holo. Saa sita imefika, na yeye, arobaini au si arobaini, kachukua sahani yake anaelekea kwenye minyaa. Nikamnong'oneza, "Holo, leo acha! Kwa ajili ya Mungu, leo acha!" Hakuniangalia. Akainama, akaweka, akaita.

"Masanja!"

Mwinjilisti akanyamaza katikati ya ombi. Watu wote mia na kitu wakafumbua macho. Na nyuma ya minyaa, pale kwenye upenyo wa ng'ombe, akatokea mtu mweupe. Mweupe wa majivu, nywele nyeupe, kope nyeupe, midomo myeupe, nguo na ngozi rangi moja, na katikati ya weupe ule macho mawili mekundu kama ya Holo. Hakusema kitu. Alikuwa anaiangalia ile picha juu ya meza. Mbwa wa Maganga, anayebweka hata jani, alijiingiza chini ya viti kimya. Yule mtu akapiga hatua moja kuja kwetu, na aliye karibu naye kuliko wote, kiti cha mbele kabisa, nilikuwa mimi mwenye ahadi ya kukumbatia.

Wenzangu, niliinua mikono. Hilo lina ushahidi, kwenye video mikono iko juu. Ila miguu haikungoja mikono. Kanga ikanasa kwenye mti wa turubai nikaiacha, nikaruka benchi la kwaya, nikapita katikati ya masufuria ya pilau, na mdomo wangu, mdomo huuhuu wa Jumapili, ulikuwa unapiga kelele: "Msukule! Holo kaleta msukule! Holo kamleta!"

Nilikimbia mpaka kwenye lambo, pale ng'ombe wanapokunywa, nikazama kwenye tope mpaka magotini, ndiyo nikasimama. Nikasikia sauti ya Maganga kutoka kule juu, na haikuwa na hasira, ilikuwa na furaha: "Mmesikia wenyewe! Mama Shija kasema! Mtetezi wake mwenyewe kasema!" Halafu vijana: "Mshikeni! Asitoke huyo bibi!"

Ndugu zangu, tope lile lilikuwa la baridi, lakini silo lililonitetemesha. Nikaliona lile shuka lililolowa kwenye mkokoteni, ila safari hii aliyelitandika ni mimi.

Nikarudi. Sijui niliwezaje, magoti yangu haya kila siku nayalalamikia. Nilipita katikati ya watu na gagulo na tope, wananipisha wenyewe. Vijana walikuwa wamemzunguka Holo, mmoja kamshika kitambaa cha kichwa, panga liko mkononi. Na yeye Holo hajali, anamwangalia yule mtu mweupe, ambaye amesimama palepale, peke yake, hakuna aliyemgusa.

"Mwacheni!" nikasema. Maganga akanijibu, "Mama Shija, umeshatusaidia. Kaa pembeni."

Kila mtu wa huku anajua wanavyosema, kwamba msukule hukatwa ulimi. Nikamwendea yule mtu. Nikasimama mbele yake karibu kabisa, anatoa harufu kama ukuta uliopakwa juzi, nikasema kwa sauti ya kukaripia watoto, "Wewe! Toa ulimi!"

Akanitazama.

"Toa ulimi nakwambia, ng'wanone, mwanangu, toa!"

Akatoa. Nikaukamata kwa vidole viwili nikauvuta mbele ya watu wote. "Haya, tazameni! Ulimi huu hapa, mzima, mrefu kama wa ndama! Maganga, njoo upime!" Na Masanja, ulimi uko mikononi mwangu, akajitahidi kusema kitu, nikamwachia, akakohoa chokaa, akasema kwa sauti iliyokauka, "Shikamoo, bibi. Nani kafa?"

Kuitikia marahaba kwa mtu ambaye umekula msiba wake si kazi ndogo. Niliitikia. Holo ndiye aliyemkumbatia wa kwanza, sikuwa mimi, akajaa chokaa mwili mzima, na kijana mwenye panga akalirudisha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Alfajiri ya siku ya kuporomoka Masanja aligombana na wenzake, akaondoka bila kuaga, begi na viatu akaviacha, kwenda kwenye machimbo mapya porini, simu akaiuza, dhahabu hakupata, aibu ikamzuia kurudi. Mwisho akapewa lifti nyuma ya lori lililoshusha chokaa mgodini, upepo wa njia nzima unampuliza vumbi lile machoni na kooni. Nilimwosha uso mimi mwenyewe kwa ndoo tatu za maji. Nikimwosha nikamuuliza huko porini alikuwa anakula nini. Akasema siku nyingi hakula, ila ajabu yake, bibi, ikifika saa sita njaa ilikuwa inakatika yenyewe. Sikumuuliza tena. Nikamwaga maji.

Mtaalamu alifika saa nane, akakuta tunakula pilau na marehemu, akageuza pikipiki. Vijana wakacheka, na kwenye kucheka ndiyo nikajua Holo amepona. Ila mwinjilisti alinifuata pembeni (kumbe akitaka kusema anaweza), akaniuliza, "Mama Shija, kama msukule hakuna, ulimi ulikuwa unautafutia nini?" Nilimwokoa jirani yangu kwa kanuni za wachawi, si kwa yale niliyohubiri, na mwinjilisti alikuwa wa kwanza kuliona.

Holo hakukanyaga kwangu wiki tatu. Wiki ya nne akaja, akakaa kwenye mkeka, akavuta ungo wa choroko tukachambua pamoja, yeye na mimi. Halafu bila kuinua macho akasema:

"Mama Shija, nikuulize. Siku ile ulipokimbia, uliamini kweli kwamba mimi ni mchawi?"

Ningeweza kumwambia ni hofu, ni jua, ni uzee. Nikasema, "Holo, sitakudanganya. Kutoka kwenye turubai mpaka lambo, niliamini."

Akatupa punje mbovu.

"Ni mbali," akasema.

"Ni mbali," nikakubali.

Tukaendelea kuchambua. Kanisani bado nasimama, msidhani nimenyamazishwa, na Jumapili iliyopita nilisimama nikakiri yote haya mbele ya watu, pamoja na habari ya sahani. Ila kuahidi mbele za watu kwamba wa kwanza nitakuwa mimi, hilo nimeacha. Sitalisema tena mpaka nife, na nikifa, tafadhali nizikeni vizuri.