Kura ya Kwanza ya Mama

Juzi, nikijaza karatasi ya kura ya meya hapa Minneapolis, nilifika mahali pa kuwapanga wagombea: chaguo la kwanza kwa unayempenda zaidi, kisha la pili na la tatu, uso ukaniwaka kwa aibu.

Nilikuwa na miaka tisa Mama alipopiga kura yake ya kwanza, kwenye kituo cha kura katika ukumbi wa kanisa ulionukia kahawa na makoti yaliyolowa. "Nisomee, mwanangu," alininong'oneza, kwani hakujua Kiingereza. Nilidhani tatu ni alama nyingi kuliko moja, kwa hiyo nilimwelekeza amweke aliyempenda wa tatu, na asiyemtaka kabisa wa kwanza. Msimamizi wa kituo alipotusogelea, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hatuhitaji msaada.

Duru za kuhesabu, ambazo kila moja humwondoa mwenye kura chache, zilipokwisha, aliyempenda alishindwa. Mama hajui. Wageni wakija, bado ananishika bega: "Huyu ndiye aliyenisaidia kupiga kura."