Mama wa Marehemu Alikuwa Chumbani kwa Jirani

Wiki iliyopita tulimzika jirani yangu wa hapa mtaani Kikuyu, mwanamke aliyefanya utafiti wa nzi. Siyo hawa wakubwa wa jalalani, ni wale wadogo wanaozingira ndizi zilizoiva kupita kiasi. Aliwafuga kwenye vichupa maabarani, akitafuta jeni zinazofanya ubongo uchakae. Siku moja aligonga kichupa mezani mbele yangu, nzi wote wakaanguka. Wazima wakapanda juu mara moja. Wenye jeni yenye hitilafu wakabaki chini wakihangaika. Nikamtania kwamba kasoma miaka yote hiyo aje kutisha wadudu. Akacheka, kisha akasema, "Hao wa chini ndio mama yangu, kaka. Ndiyo maana siwachoki."

Binti ndiye aliyemchukua mama huyo kutoka kijijini, upande wa Mvumi, kumbukumbu zilipoanza kumpotea na watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Hakumficha. Harusini alimkalisha viti vya mbele, na mama akiuliza jambo lilelile mara ya kumi, binti alimjibu kama ndiyo kwanza anaulizwa. "Anaumwa, hajakosa," alituambia.

Sasa sikieni tulichofanya, nami nilikuwa katibu wa kamati ya msiba. Wakubwa kutoka wizarani walikuwa wanakuja, tukaogopa mama atatuaibisha. Tukamhamishia chumbani kwa jirani mwingine mpaka mazishi yaishe, tukasema ni kumhurumia. Wakati wasifu unasomwa, ukisifu jitihada za marehemu kwa wagonjwa wa ubongo, nilitumwa kumpelekea mama yake chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona nasikia nyimbo za msiba? Nani kafa?"

"Binti wa jirani, mama."

Akaweka kikombe chini. "Jamani! Nipe kitenge changu, mwanangu. Nikakae na mama yake, asilie peke yake."

Nilimwambia asubiri kidogo. Nikaufunga mlango, nikarudi kwenye viti vya wageni, na jeneza likaondoka. Nimeona aibu nyingi katika maisha yangu, lakini hii hata chakula inaninyima. Mwenye mzazi wa namna hii, nakuomba: siku ya msiba mwambie ukweli, umkalishe karibu na maiti wake. Akisahau, mwambie tena. Akilia upya, lia naye. Wageni watavumilia, na wasipovumilia, waende zao.