Kitako Kilichokataa Kupinda

Tajiri wangu wa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, ambaye sisi watumishi tulimwita Baba kama ilivyo katika nyumba nyingi za huku, hakuwa na shabaha. Nasema hivi kwa heshima zote. Mimi ndiye dereva niliyempeleka uwanja wa kulenga kila Jumamosi, nikakaa nyuma ya kioo na chupa ya gahawa, na kwa macho yangu mawili nimeiona karatasi ya shabaha ikirudi safi, ungeweza kuiandikia barua.

Kosa, alisema, ni la bunduki. Kitako chake kilikuwa cha plastiki, na sehemu ya mbele inayobeba mtutu ilikuwa na uwazi ndani kama kisanduku cha sabuni. Akiiegemeza bunduki kwenye vijiguu vyake viwili vya mbele, plastiki inapinda na kugusa mtutu, basi risasi inakwenda inakotaka. Hilo lilikuwa kweli, sikatai. Binamu zake walikuwa na vitako vya mbao, na walicheka.

Akaniuliza kama naweza kukikaza. Sasa sisi tuliotoka kwetu Tanga, tajiri akiuliza "unaweza?", jibu ni "naweza", hata kama kinachotakiwa ni kuzaa. Nikasema naweza. Tena nilikuwa na haja yangu. Binti yangu alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, mimi ndiye walii wake wa kumwozesha, na Baba alikuwa bado hajanipa ruhusa ya likizo. Nikajisemea, mfurahishe kwanza, ruhusa itakuja yenyewe.

Mpishi wetu, mama mmoja wa Mombasa, alinionya huku akimenya vitunguu.

"Kaka, hiyo bunduki haina makosa. Iwache ipinde hivyo hivyo. Ikikazika, atamsingizia nani?"

Nikamwona mtu wa jikoni tu, atajua nini habari za bunduki.

Baba akaufungia mtutu kabatini, akanipa kitako peke yake. Nikakikwaruza ndani kwa msasa, nikakipangusa kwa spiriti, nikakata vipande viwili vya bomba jembamba la aluminiamu lililokuwa la pazia, nikavilaza humo kwa urefu, kisha nikamimina gundi ile ya kuchanganya chupa mbili. Kikombe cha kwanza nilikichanganyia uani, na kwa joto la Doha gundi ikatoa moshi na kuganda kabla sijanyanyua kijiti. Cha pili nikakichanganyia chumbani, chini ya kiyoyozi. Kesho yake nikapiga msasa mfereji wa juu unapolala mtutu, na Baba aliporudisha mtutu mahali pake, kipande cha gazeti kilipita chini yake bila kukwama. Kitako kilikuwa kigumu kama mchi. Najisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyenisifu.

Jumamosi akapiga risasi ishirini mbele ya binamu zake. Karatasi ikarudi safi. Binamu mmoja akakishika kitako, akajaribu kukipinda, kikagoma.

"Wallahi, bunduki sasa ni nzima," akasema.

Wote wakageuka kumtazama Baba. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia. Nilikuwa nimemnyang'anya kisingizio chake cha pekee, mbele ya jamaa zake, tena kwa ustadi.

Tulipokaribia nyumbani Baba akasema:

"Umekiharibu. Kirudishe kilivyokuwa."

"Baba, gundi hii ikishakauka hairudi. Labda ununue kingine."

"Wao wanakijua hiki. Kirudishe, halafu tutazungumza habari ya likizo."

Basi kila nilipomaliza udereva nilikaa na tindo na drili, naibomoa kazi yangu punje kwa punje. Anayetaka kujua kama kazi yake ni nzuri ajaribu kuibomoa. Nilikuwa na hasira mpaka nikawa naitukana plastiki, nayo haikunikosea lolote.

Ijumaa ya ndoa ilinikuta nimepiga magoti sakafuni, vumbi la gundi mpaka kwenye kope. Simu ikalia, ni mdogo wangu, amekaa na shehe. Nikazima drili. Shehe akaniuliza kama namweka ndugu yangu kuwa wakili wangu amwozeshe binti yangu. Nikasema namweka. Kisha binti mwenyewe akapewa simu.

"Baba, si ulisema unakuja?"

Nikamwambia kazi imenibana. Aibu ilinizuia kumwambia ni kazi gani.

Jumatatu Baba alikuja mwenyewe chumbani kwangu. Akakishika kitako kwa mikono miwili, akakipinda, kikapinda. Uso ukamkunjuka, akanipiga bega kama rafiki yake.

"Mashallah, fundi," akasema. "Sasa nenda ukamwozeshe binti yako."