Njia ya Majivu ya Mamboleo

"Gordon, hiyo ni sukuma yangu unakanyaga! Kamba niliyofunga huioni?"

"Mama Dorca, kamba yako inanizungusha. Mimi naenda nyumbani."

Huyo ndiye Mama Dorca, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa hapa Mamboleo, akimfokea Gordon, mlevi wetu wa mtaa. Mwaka wa 1987 alisafisha jaa letu kwa mikono yake, akapanda sukuma na maua, akapima njia katikati, imenyooka kama rula ya mwalimu. Hakuna aliyeitumia. Mzee wa mtaa akamwonya: mboga zikiendelea kukanyagwa, mahali hapo patajengwa kioski.

Nikamwambia, "Dada, wewe unapima kamba, hupimi miguu ya watu."

Mama Dorca akaikunja kamba yake. Jumamosi jioni akamwahidi Gordon kuku mzima iwapo angetoka kwenye kilabu cha pombe ya busaa na kwenda zake nyumbani kama kawaida. Gordon akatembea. Mama Dorca alimfuata akimwaga majivu kila alipokanyaga, nasi tukawafuata kama kwaya. Gordon alikizunguka kichuguu, akakisalimia "Oimore," akalikwepa dimbwi, akauomba mwiba msamaha.

Njia ikatoka imepinda kama utumbo wa samaki mbuta. Lakini kumbe dimbwi lile sote tulikuwa tunalikwepa hivyo hivyo! Mtaa mzima ukaifuata, hata mzee wa mtaa, na habari ya kioski ikaisha.

Gordon akaja kudai kuku wake. Mama Dorca, ambaye hajawahi kumwongezea mteja hata omena mmoja, alimpa yule anayetaga.