Samaki wa Kwanza Hauzwi

Kila asubuhi nikimwagia ubao wangu wa samaki maji moto, harufu yake inaamka: magamba, matope ya ziwa, na kwa mbali mafuta ya meli. Wateja wangu hapa Eldoret huniambia ninunue meza ya kisasa, ile ya kupangusa tu. Nawajibu sawa, nitafikiria. Sifikirii.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo historia nitakayowapa ni ya kusikia jikoni, na anayejua zaidi anirekebishe. Ubao huu ulikuwa sehemu ya gati, kule ziwani, alikofanya kazi babu yangu, baba yake mama. Mwanzoni babu alikuwa mtu wa kufunga kamba za meli, enzi za meli za mizigo na abiria. Meli zikapungua, gugumaji likafunga maji, wavuvi wakaichukua gati wakawa wanashushia hapo samaki, ngege na mbuta. Babu akabaki palepale, mzigo tu ndio ulibadilika. Na gati ilikuwa na desturi yake. Samaki wa kwanza kushushwa hauzwi. Anakaangwa palepale, mzima na kichwa chake, anawekwa juu ya mbao, na kila aliyefika anamega, hata yule mliyegombana naye jana kwa sababu ya nyavu. Ndipo mizani itolewe. Mbao zilipoanza kuoza ziling'olewa, watu wakazibeba kwenda kupikia. Babu akauokoa mmoja, wenye tundu la bolti, akautuma kwa mama hapa Eldoret juu ya basi.

Mama alikuwa na hoteli ya chumba kimoja katika ploti ya Mama Njoki, na nyuma ya pazia ndiko tulikolala. Aliuweka ubao barazani juu ya makreti, na desturi ya gati akaifuata vilevile. Samaki wa kwanza wa asubuhi hakuwa na bei. Alimega fundi viatu, alimega mlinzi anayetoka kazini, alimega Mzee Kiprono aliyetuletea maziwa kutoka kijiji kinachoitwa Ziwa, ingawa siku ya kwanza Mzee alisimama mbali kabisa.

"Mama Akinyi, hii kitu inaniangalia."

"Iangalie na wewe, Mzee. Halafu kula."

"Na hizi sindano ziko ndani?"

"Kwani ng'ombe yako haina mifupa?"

Akala, akatema miiba huku akilaani ziwa lote. Kesho yake alifika kabla jiko halijawashwa.

Sasa nimseme Mama Njoki, na nimseme kwa haki. Hakuwa mtu mbaya. Ile ploti aliijenga kwa jasho lake, na nilipougua malaria ni yeye aliyenibeba mpaka hospitali. Lakini katika chumba cha mbele aliuza mapazia, na harufu yetu iliingia kwenye kitambaa ikakaa. Bibi harusi mmoja alirudisha yake, akisema sebule yake inanuka kama mashua. Mtu angeudhika. Hata mimi ningeudhika.

Akaja na mikono kiunoni. "Mama Akinyi, kaanga, uza, sikukatazi. Lakini hii ubao na hii mkutano ya kila asubuhi, toa. Hapa si kwa ziwa. Jumamosi nisiipate kwa ploti yangu, ama utoke nayo."

"Nimesikia," mama akasema, basi.

Mimi sikulala vizuri wiki hiyo. Tukifukuzwa hoteli tumefukuzwa na nyumba. Nikamwambia mama tuupasue, uwe kuni, tubaki. Aliendelea kuparua samaki kana kwamba ni redio inaongea.

Jumamosi aliita Mzee Kiprono, wakaubeba ubao, wakavuka mtaro, wakauweka kando ya barabara, pale ploti inapokomea. Jiko likafuata. Samaki wa kwanza akakaangwa kwenye vumbi, na kwa kuwa sasa tulionekana, walisimama hata watu waliokuwa wanapita zao tu. Mama Njoki akatoka.

"Unaniletea siasa?"

"Umesema ubao utoke kwa ploti, umetoka. Hapa ni barabara. Karibu samaki."

"Mimi sili hiyo."

"Sawa. Yako nimekuwekea."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alimega nyama ya shavuni, ile tamu kuliko zote, akaiweka kwenye sahani na kuifunika kwa nyingine.

Hatukufukuzwa. Mama Njoki alikuwa mtu wa neno lake, na moshi sasa ulikwenda upande mwingine. Lakini sahani ile iliendelea kila siku, imefunikwa, ikimngoja mpaka mchana, ndipo apewe mlinzi. Iliniuma sana.

"Kwa nini unamwekea mtu aliyetaka kutufukuza?"

"Kwa sababu amefika."

Niliona mama ni mpole kupita kiasi. Ilibidi nizeeke kidogo, niwe na jiko langu na majirani wangu, ndipo nielewe, kama kweli nimeelewa. Angemruka Mama Njoki hata asubuhi moja, desturi ingekufa, na mwenye kuiua angekuwa mama mwenyewe. Ile sahani haikuwa upole hata kidogo. Ulikuwa ubishi.

Kama Mama Njoki aliwahi kuonja, sijui. Mlinzi aliapa kwamba siku moja alikuta miiba mitupu imelambwa safi, lakini mlinzi yule alikuwa mwongo.

Juzi ofisi ya ghorofani, juu ya jiko langu, ilituma kijana aliyevaa tai aniambie harufu inawasumbua, na kwamba ubao huu haufai mjini. Nimemwitikia kwa adabu. Nimemwambia apande awaeleze kwamba nimesikia, na kwamba yao nimewawekea.