Sungura Waliopigiwa Bati

Tangu matanga ya mkewe Agar yaishe, Kitwa hakuweza kukaa. Akivuta kiti, anakiacha. Akiketi mbele ya bukari, anamega tonge moja, anasimama, anakwenda mlangoni kutazama njia kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Mchana anashuka mpaka gare, anakuta reli zimelala, treni hakuna, anarudi.

Mama Lise, jirani yake anayeuza makaa ya kupikia kando ya njia, alimwona akipita, akamwona akirudi.

"Papa Kitwa, kama ulipoteza mbuzi, sema. Tukusaidie kumutafuta."

Kitwa akajibu kwamba mbuzi hana, ana miguu tu.

Wakati wa matanga alikuwa mzima. Uwanja wa nyumba yake ulijaa watu. Wamethodisti wenzake Agar waliimba. Ndugu zake kutoka Kabondo-Dianda walifika na samaki wakavu na matope mpaka magotini, wakalala juu ya mikeka pembeni yake. Kwao, aliyeshtushwa na kifo haachwi peke yake. Hata akienda choo, kuna mtu anamngoja nje. Halafu watu wakakunja mikeka. Siku ile ile moyo wa Kitwa ukaanza kukimbia.

Ilibaki kazi moja: sungura wa Dokta Théo. Théo alikuwa mwalimu wa biolojia, na nyuma ya nyumba yake alijenga kibanda cha wanyama. Kitwa aliwakatia majani na kuwasafishia. Dokta hakuwa mtu wa majivuno; alimweleza kazi yenyewe. Toka ubongoni, alisema, kuna mshipa wa fahamu unaoteremka shingoni mpaka moyoni, nao unauzuia moyo usiende mbio. Kitwa akaelewa palepale. Ujana wake wote alikuwa mshika breki kwenye mabehewa ya mizigo. Breki ikilegea mteremkoni, behewa halimsikilizi mtu.

Dokta alitaka kujua kama hofu ya kila siku inailegeza breki ile, na kama inaacha alama ubongoni, katika protini zake. Basi sungura waligawanywa. Wa chumba cha kushoto waachwe na amani yao. Wa chumba cha kulia, Kitwa awapigie bati kila asubuhi. Mwishoni mashine isome mioyo ya wote, wapigwe sindano ya kulala moja kwa moja, na ubongo wao utiwe kwenye barafu, upelekwe Lubumbashi.

Kitwa alipiga bati kama alivyoagizwa. Alipiga kwa nguvu, macho amefumba, wanyama wakijibanza pembeni mmoja juu ya mwingine. Lakini Dokta akishakwenda kufundisha, miguu ya Kitwa ilikataa kutoka. Alimtoa mmoja, akamfunika kwa kikwembe cha Agar, akampakata. Chini ya kidole chake ule moyo mdogo ulikwenda kama cherehani. Ukapungua. Ukapungua tena. Na wa kwake ukaufuata. Akachukua mwingine. Hapo tu, katika harufu ya mkojo wa sungura, ndipo alipoweza kukaa.

Hakuona kosa. Kushtua ni kazi ya Dokta. Kuketi na aliyeshtuka ni kazi ya kila mtu.

Siku ya mashine ikafika. Chumba cha kushoto, mioyo ilikwenda taratibu. Chumba cha kulia, vilevile. Dokta akabadilisha nyaya, akazipuliza, akailaumu jenereta, akailaumu mashine, ambayo aliiazima. Mwisho akaketi chini na koti lake jeupe. Akasema hawa atawaua hivyo hivyo, kisha atatafuta wengine, aanze upya, na safari hii bati lipigwe asubuhi na jioni.

Kitwa alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Akinyamaza, hawa watakufa bure, na wengine nyuma yao. Akisema, mlango wa chumba kile utafungwa, naye atakaa wapi? Akatoka mpaka kwenye ua. Akarudi. Akatoka tena. Akarudi.

"Dokta, mashini iko muzuri. Ni miye. Nikisha kubapigia bati, nabarudilia. Nakala nabo."

"Unakala nabo namna gani?"

Kitwa alimtoa dume mwenye sikio lililochanika, nyaya zake zikining'inia, akamfunika kikwembe, akaketi juu ya ndoo. Kwenye kompyuta ule mstari wa mapigo ulianza kushuka polepole, mbele ya macho ya Dokta.

Ndipo hasira ikamjia. Alisema kazi yake yote imekwenda na maji. Alisema mtu anayetumwa jambo moja akafanya mawili ni mwizi wa jasho la mwenzake. Kitwa aliona maneno hayo ni ya haki. Akamrudisha dume, akaanza kukunja kikwembe aende.

"Lakini kwa nini, Papa?"

"Muntu mwenye alishtuka, habamuachaka peke yake."

Dokta akakitazama kikwembe. Alipoongea tena, sauti ilikuwa chini.

"Na weye? Nani anakalaka na weye?"

Kitwa akatazama njia.

"Balirudia kwabo."

Sungura wale hawakupigwa sindano. Hawakuwa na jibu la kumpa Dokta. Akamwambia Kitwa awachukue. Wengine watakuja, akasema, lakini ufunguo wa kibanda Kitwa hatapewa tena. Neno hilo hakulibadilisha.

Mama Lise alipomwona na vikapu vyake, akasema huyu alikwenda kutafuta mbuzi, ameleta masikio.

Jumapili, baada ya kanisa, Dokta alifika uwanjani kwa Kitwa na kiti chake mkononi. Alisema amekuja kuwatazama sungura. Aliwatazama kidogo, akaweka kiti karibu na cha Kitwa, akaketi.

Kitwa akasimama. Akaenda mpaka njiani, akatazama juu, akatazama chini. Akarudi. Dokta alikuwa bado ameketi.