Walinikataza Kutembea

Naitwa Agnesi, wa Malindi ya Lushoto, siyo ile ya pwani. Shule niliishia darasa la nne. Walionitenda mabaya wapo hai na nitawataja, maana jina langu walilitaja hadharani bila haya.

Zamani nilikuwa na nguvu. Kila asubuhi nilipandisha matenga ya mapea kutoka shambani bondeni mpaka barabarani, mara nne, njia ile ile. Nikipanda, kichwa kinatulia. Nisipopanda, sauti za watu zinaniuma kama siafu masikioni. Sababu sikuijua. Nilijua tu miguu ndiyo dawa yangu.

Tatizo langu salamu. Nikiwa natembea siwezi kumtazama mtu wala kusema neno. Nikisimamishwa, yote yanavurugika, inabidi nirudi bondeni nianze upya. Na huku kwetu mtoto asiyesema shikamoo anachapwa, sembuse mwanamke wa miaka arobaini! Mzee Elia wa kanisani kwetu alimwambia kaka yangu Hoza, mimi nasikia: "Dada yako anatupita kama mbuzi. Ama ana kiburi, ama ana kitu. Mfungie ndani."

Hoza akanunua kufuli.

"Tulia humo, Agnesi. Umetuaibisha vya kutosha."

Mvua za vuli zikapita, za masika zikapita. Nilitembea kutoka kitandani hadi ukutani, hatua tatu, nageuka. Kishindo kikamchosha Hoza, akaniletea vidonge vya usingizi, kauziwa na Bakari wa duka la dawa bila cheti. Basi nikawa wa kukaa tu. Choo kikagoma, siku saba, nane. Nikanenepa. Makalio yakatoka vidonda. Nikajigonga kichwa ukutani mpaka damu, nao wakasema, "Mnaona? Kumbe kweli mgonjwa." Ugonjwa wameupika wenyewe, halafu wanaushangaa!

Siku moja mguu wa kushoto ukavimba, wa moto, unang'aa kama biringanya. Kifua kikabana. Wifi yangu Naomi, mke wa Hoza, alileta uji akakuta nahema kama mbwa. Hakumuuliza mumewe. Aliita bodaboda, akanipakia katikati ya dereva na yeye, akanishikilia mpaka hospitali.

Daktari, mama mmoja mkali, akaubonyeza mguu. "Damu imeganda, na imefika mapafuni. Nani kamkalisha hivi?"

Naomi akainama. "Sisi."

Nilichomwa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, siku nyingi. Nilipopata pumzi daktari akaniuliza mambo ya utotoni, polepole, bila kunilazimisha kumtazama. Akasema nina usonji, yaani ubongo ulioumbwa tofauti, nimezaliwa nao, wala si wazimu. "Kutembea kwako kulikuwa kunakusaidia. Ukikalishwa tena vile, damu inaweza kuganda tena, na safari hiyo usifike hapa."

Nikarudi nyumbani. Alfajiri ya kwanza nikabeba tenga tupu. Hoza kasimama mlangoni, kufuli mkononi.

"Rudi ndani. Watu wanatuangalia."

Nikalikumbatia tenga. Naomi akatoka jikoni na mikono ya unga, akamkabili mumewe.

"Baba Joshua, mpishe. Ukimfungia, unifungie na mimi, halafu ujipikie."

Akapisha.

Nilishuka bondeni, nikapanda nikisimama kila hatua kumi, jasho mpaka machoni, Naomi akinifuata. Barabarani alikuwepo Mzee Elia. Nikampita. Nyuma nikamsikia Naomi: "Shikamoo mzee. Na ya wifi yangu pia, nimeibeba mimi." Mzee akakohoa, akaitikia, "Marahaba." Mara mbili.

Sasa nafika mara tatu kwa asubuhi. Silali kwa vidonge. Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Naomi kuliko wote. Wewe mwenye mtu wa namna yangu nyumbani, mpe njia yake na kazi ya mwili aipendayo. Akishindwa kusalimia, msalimie wewe.

Hoza hajaniomba msamaha. Mguu wa kushoto bado unavimba jioni. Nauweka juu ya kigoda pale sebuleni, mbele yake, autazame wakati anakula.